MADALALI WALIOUZA JUA: Stori ya nyumba za kijani kwenye jangwa la Arizona, na swali la maji lililokwepwa kwa miaka 60

KWANZA weka picha hii kichwani. Ni tarehe 1 Januari 1960, pembeni ya jiji la Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Sehemu yenyewe juzijuzi tu ilikuwa shamba la pamba. Sasa kuna nyumba tano za mfano, uwanja wa gofu, maduka machache na jumba la burudani. Basi. Waandaaji walitegemea wageni kama elfu kumi hivi. Wikiendi ile walikuja watu wapatao laki moja!

Foleni ya magari haikuwa ya kitoto. Wazee wa miaka 50 na kuendelea, waliochoka theluji za Chicago na Detroit, walipanga mstari kwenye jua kali ili wapewe nafasi ya kulinunua jua hilohilo. Mtaa wenyewe ukaitwa Sun City, yaani Mji wa Jua.

Mwenye mchongo ule (majina ya watu kwenye stori hii yote yamewekwa kapuni, maana wengi wao wameshatangulia mbele za haki na wengine bado wanauza) alikuwa mkandarasi aliyeanza kama fundi seremala na kuishia kuwa mmiliki mwenza wa timu kubwa ya besiboli ya New York. Miaka miwili baada ya ile foleni, sura yake ikakaa kwenye jalada la jarida la Time. Ndiye mtu aliyewaonesha madalali wote wa jangwani kwamba usiuze nyumba, uza maisha.

Kuna swali moja ambalo karibu hakuna mtu kwenye foleni ile aliyeliuliza. Swali lenyewe lina maneno matatu tu: maji yanatoka wapi? Stori yote inayofuata, kuanzia viwanja hewa mpaka nyumba za sola, inazunguka hapo.

KABLA YA DALALI, UDONGO

Watu wengi wanadhani nyumba endelevu ni kitu cha juzi, kimekuja na paneli za sola na matangazo ya Instagram. Hapana. Jangwani Arizona wenye akili hiyo walikuwepo kabla hata ya Marekani kuitwa Marekani.

Karne nyingi zilizopita, watu ambao wataalamu wanawaita Hohokam walichimba mifereji kwenye bonde la mto Salt, mamia ya kilomita, kwa zana za mawe na mbao. Walilima mahindi, maharage na pamba palepale ambapo leo kuna maegesho ya magari. Kufikia miaka ya 1450 hivi miji yao mikubwa ilikuwa imeachwa. Wazungu walipofika karne ya 19 walikuta mistari ya mifereji ile bado inaonekana ardhini, wakafukua baadhi na kuitumia tena. Ndiyo maana wakauita mji wao Phoenix, jina la yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake mwenyewe. Jina tamu, lakini ukilifikiria vizuri linatisha kidogo: maana yake ni kwamba kuna jiji lilishakufa hapo kabla.

Kule kusini, Tucson, ngome ya Wahispania iliwekwa mwaka 1775. Watu wakajenga kwa adobe, yaani tofali za udongo zilizokaushwa kwa jua. Kuta nene, karibu nusu mita. Madirisha madogo. Katikati ya nyumba kuna ukumbi unaopitisha upepo hadi uani. Hesabu yake ni rahisi: mchana ukuta unakunywa joto polepole, na joto linapokaribia kupenya ndani, jua limeshazama. Usiku ukuta unalitema lile joto nje, asubuhi mnaamka kuna ubaridi. Hakuna umeme, hakuna bili.

Sasa sikia kilichotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakubwa wa jiji la Tucson waliamua mitaa ile ya udongo ni makazi duni. Walioishi pale walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Wachina, watu weusi na wenyeji wa kabila la Tohono O'odham. Zaidi ya hekta 30 zikavunjwa, watu wakahamishwa, na mwaka 1971 ukafunguliwa ukumbi mkubwa wa mikutano juu yake. Mtaa uliobaki, Barrio Viejo, leo ni kati ya sehemu ambazo madalali wanazitangaza kwa mbwembwe: "adobe halisi, ukuta nene, historia." Kile kilichoitwa umaskini wakati wenyewe wakiishi humo, kimegeuka kuwa anasa wengine walipokuja kununua.

AC IKAFUTA AKILI

Kati ya ukuta nene na nyumba za leo kuna mashine moja ilipita hapo katikati. Miaka ya 1930 watu wa Arizona walianza kutumia boksi la kupoza hewa kwa maji: feni inavuta hewa kupitia pedi zilizoloweshwa, ndani kunakuwa kuzuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaja AC yenyewe, na bei yake ikashuka.

Tazama namba. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na watu kama 107,000. Mwaka 1960 walikuwa 439,000. Miaka kumi tu! Leo wamepita milioni moja na nusu.

Mjenzi akishakuwa na AC hana haja ya kufikiria jua linachomoza wapi. Anaweka ukuta mwembamba, kioo kikubwa kinachotazama magharibi, paa jeusi, na mbele bustani ya majani mabichi kama ya Uingereza. Nyumba ileile ya Ohio ikapakuliwa jangwani. Dalali naye kazi yake ikawa nyepesi: anamfungulia mteja mlango, ubaridi unampiga usoni, biashara imeisha. Bili ya Julai ataiona akishahamia.

DALALI ALIYELETA DARAJA LA LONDON

Kwa wale wanaopenda vituko, hiki hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tajiri mmoja aliyetengeneza chensoo alinunua eneo kubwa la jangwa tupu kando ya ziwa lililotokana na bwawa kwenye mto Colorado. Akatangaza kwamba hapo ni mji, Lake Havasu City. Tatizo, nani atakwenda kuishi sehemu ambayo hata barabara ya maana hakuna?

Wakaja na mbinu. Mteja alikuwa anachukuliwa bure kwa ndege kutoka miji ya baridi, analala bure, anakula bure, asubuhi anapandishwa kwenye gari na dalali kwenda kuoneshwa kiwanja. Kwa miaka kama 14 ndege hizo zilibeba zaidi ya watu laki moja.

Halafu likaja la mwaka. Jiji la London lilikuwa linauza daraja lake la zamani, lililojengwa mwaka 1831, kwa sababu lilikuwa linatitia mtoni. Dalali mmoja wa yule tajiri akamshawishi bosi wake alinunue. Mwaka 1968 likanunuliwa kwa dola 2,460,000. Mawe yakapewa namba moja moja, yakapakiwa melini, yakapitia mfereji wa Panama, yakaishia jangwani. Walilijenga kwenye nchi kavu kwanza, halafu ndipo wakachimba mfereji chini yake ili maji yapite. Oktoba 1971 likafunguliwa. Umbea uliosambaa dunia nzima ni kwamba tajiri alidhani ananunua lile daraja jingine maarufu la London lenye minara. Wahusika walikana mpaka mwisho.

Mji ukajaa. Leo upo na una watu zaidi ya elfu hamsini. Kwa hiyo usicheke sana. Ila funzo walilolichukua madalali wengine lilikuwa la hatari: kama mtu anaweza kuuza jangwa kwa kutumia daraja, basi unaweza kuliuza kwa kutumia picha tu.

VIWANJA HEWA NA BOMU CHINI YA GARI

Na waliuza kwa picha kweli. Miaka ya 1960 na 1970 Arizona ilisifika kwa utapeli wa ardhi. Brosha zilitumwa kwa posta kwa askari walioko nje ya nchi na wazee waliokuwa wanajiandaa kustaafu. Kwenye brosha kuna ziwa, miti, watoto wanaogelea. Unatuma kianzio kidogo, unalipa kila mwezi kidogo kidogo. Siku unakwenda kutembelea mali yako unakuta mawe, nyoka na upepo. Wengine walikuta kiwanja chao kimeuzwa kwa watu zaidi ya mmoja.

Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumlazimisha muuzaji wa viwanja vingi anayeuza nje ya jimbo lake ampe mnunuzi taarifa kamili kwa maandishi kabla ya kusaini: barabara ipo? Maji yapo? Ukiangalia, ni lile swali letu la maneno matatu, sasa limeandikwa kwenye sheria.

Lakini mchezo uliendelea. Juni 1976 mwandishi wa habari wa gazeti kubwa la Phoenix, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaandama matapeli wa ardhi, alipigiwa simu na mtu aliyemwahidi siri za dili moja la ardhi. Akaenda hotelini kukutana naye. Mtu hakutokea. Aliporudi kwenye gari na kuanza kuliondoa, bomu likalipuka chini yake. Alifariki baada ya siku 11. Waandishi kutoka magazeti mbalimbali ya Marekani wakahamia Arizona kuendeleza kazi yake.

Dalali wa leo anayekwambia ukweli kuhusu kisima anafanya kazi kwenye mji ambao mtu aliuawa akifukunyua habari kama hizo.

MAFUTA YAPANDA, SOLA YAINGIA

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilikata mafuta kwa Marekani. Bei ikapaa, foleni za petroli zikawa ndefu. Ghafla watu wenye nyumba za AC wakaanza kukumbuka ukuta wa udongo.

Kilomita kama 110 kaskazini mwa Phoenix, msanifu mmoja kutoka Italia alikuwa ameshaanza tangu 1970 kujenga mji wake wa mfano, Arcosanti. Wazo: mji wa watu 5,000 wanaoishi kwa kubanana, bila magari, majengo yenyewe yakikusanya joto wakati wa baridi na kutoa kivuli wakati wa kiangazi. Vijana walikuja kufanya kazi na kujifunza. Mji ule haukuwahi hata kukaribia watu elfu moja, ila upo, unatembelewa, na wanauza kengele za shaba na udongo ili kupata hela ya kujiendesha. Kwa lugha ya dalali, bidhaa ilikuwa nzuri ila haikuwa na mkopo wa benki nyuma yake.

Serikali nayo ikaleta nafuu ya kodi kwa wanaofunga sola mwaka 1978. Mwaka 1979 paneli za kuchemshia maji ziliwekwa juu ya paa la Ikulu yenyewe. Kufikia mwisho wa 1985 ile nafuu ikafa, na mwaka uliofuata paneli za Ikulu zikashushwa. Mafundi wengi wa sola wakafunga ofisi, wenye nyumba wakabaki na mashine juu ya paa na hakuna wa kuzitengeneza. Kwa miaka mingi baada ya hapo, neno "sola" kwenye tangazo la nyumba lilimfanya mteja aulize gharama ya kuitoa.

SHERIA YA MIAKA 100

Wakati watu wanabishana kuhusu umeme, chini ya ardhi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Visima vilivuta maji kwa kasi kuliko mvua inavyoweza kurudisha. Sehemu nyingine ardhi yenyewe ilititia na kupasuka nyufa.

Mwaka 1980 Arizona ikapitisha sheria ya maji ya chini ya ardhi. Kipengele kimoja kiliwagusa madalali moja kwa moja: kwenye maeneo yanayosimamiwa, huwezi kuuza viwanja vya mradi mpya bila kuthibitisha kuna maji ya miaka 100. Miaka 100! Kwenye nchi ya watu waliouziwa ziwa la kwenye karatasi, hiyo ilikuwa hatua kubwa sana.

Ikaja na mfereji mkubwa wa kuleta maji ya mto Colorado, kilomita zaidi ya 500, mpaka Phoenix na Tucson. Maji yanapandishwa mlima kwa pampu, zaidi ya mita 800 kwenda juu. Umeme wa pampu hizo kwa miaka mingi ulitoka zaidi kwenye kituo cha makaa ya mawe kwenye ardhi ya Wanavajo, kituo kilichofungwa Novemba 2019. Yaani hata nyumba yenye bustani ya kijani kabisa, maji yake yalikuwa yanasukumwa na moshi mweusi.

Lakini sheria ilikuwa na tundu. Ukikata ardhi vipande vitano au pungufu, hauhesabiwi kuwa na mradi wa viwanja. Kumbuka hiyo tano.

MTAA ULIOJARIBU KWELI

Haki ya Mungu wapo waliojaribu. Kusini mashariki mwa Tucson kuna mtaa unaitwa Civano, jina lililotokana na zama mojawapo za wale Hohokam. Wazo lake lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama kijiji cha sola. Likakaa makabatini, likabishaniwa kwenye vikao, likabadilishwa mara kadhaa. Mtaa ukafunguliwa mwaka 1999.

Nyumba zake zilijengwa kwa vitu tofauti: tofali za udongo, marobota ya majani makavu, kuta zenye vihami joto vizito. Barabara ni nyembamba ili zisitunze joto jingi, vibaraza viko mbele ili majirani waonane, magari yanaegeshwa nyuma. Mimea ya jangwani iliyokuwa kwenye eneo la ujenzi ilihamishwa na kupandwa upya badala ya kufyekwa. Na kuna mabomba mawili kwa kila nyumba: moja la maji ya kunywa, jingine la maji taka yaliyosafishwa, kwa ajili ya bustani tu.

Je, iliuza? Iliuza, lakini kwa kuhangaika. Wawekezaji wa mwanzo hawakuweza kuumaliza, kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba ikaingiza mkono, na baadaye kampuni kubwa ya ujenzi ikachukua sehemu kubwa iliyobaki na kujenga nyumba za kawaida zaidi, ila zenye kubana matumizi ya umeme.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya dalali unapoonekana. Jiko la marumaru mteja analiona. Bwawa la kuogelea analiona. Kihami joto kilichomo ndani ya ukuta hakionekani, bomba la pili liko chini ya ardhi, na bili ndogo inakuja mwezi unaofuata. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye nyumba endelevu ni kinyume: kizuri kimejificha ukutani, kinahitaji mtu wa kukisemea.

JAMAA ALIYEKATA UKINGO WA BARABARA

Kuna mwingine hakuwa dalali kabisa, lakini madalali wanakula matunda yake. Katikati ya miaka ya 1990 kijana mmoja wa Tucson alisafiri mpaka Zvishavane, Zimbabwe, akakutana na mzee mmoja mkulima aliyesifika kwa kupanda maji. Ndiyo, kupanda maji. Mzee yule alijenga kuta ndogo za mawe na kuchimba mashimo mlimani kwake ili kila tone la mvua litembee taratibu na kuzama ardhini. Majirani wakilia ukame, yeye visima vyake vina maji.

Kijana akarudi Tucson, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300 tu, akaona mvua ikinyesha inakimbia barabarani na kupotea kwenye mitaro. Akaukata ukingo wa barabara mbele ya kwao ili maji yaingie kwenye mashimo ya miti. Wakati ule ilikuwa ni kosa. Miti ikaota, kivuli kikaja, majirani wakaiga. Baadaye jiji likaruhusu. Mwaka 2008 Tucson ikapitisha sheria ya majengo mapya ya biashara kuvuna mvua kwa ajili ya bustani zao, na leo mwenye nyumba anayefunga tangi la mvua anaweza kurudishiwa mpaka dola 2,000 na idara ya maji.

Jiji la Tucson linatumia maji takriban sawa na miaka ya 1980 ingawa watu wameongezeka sana. Akili ya kupanda maji kijana yule aliipata kwa mzee wa Kiafrika mwenye jembe. Matangazo ya nyumba hayamtaji.

MADALALI WAVAA KIJANI

Mwaka 2006 bei za nyumba Phoenix zilikuwa juu mawinguni. Mpaka kufikia 2011 zilikuwa zimeshuka zaidi ya nusu. Madalali waliokuwa wanauza nyumba kumi kwa mwezi wakaanza kutafuta kazi nyingine. Waliobaki walihitaji kitu cha kuwatofautisha, na mwaka 2008 chama cha taifa cha madalali wa Marekani kilianzisha cheti cha nyumba za kijani. Unasoma kozi, unafaulu mtihani, unaweka alama kwenye kadi yako.

Wapo waliochukua cheti kama pambo. Wapo waliokifanyia kazi. Hawa wa pili walijifunza kumwonesha mteja bili za umeme za miezi 12 badala ya maneno. Walijifunza kuulizia namba ya HERS, kipimo ambacho 100 ni nyumba ya kawaida iliyojengwa kwa kanuni za 2006 na sifuri ni nyumba inayozalisha nishati yote inayotumia. Walipigania matangazo ya nyumba yawe na nafasi ya kuandika sola, vihami na madirisha, ili mthamini wa benki asijifanye hajaona. Mwaka 2015 watafiti wa maabara ya taifa ya Berkeley walipochambua mauzo ya nyumba zipatazo 22,000 kwenye majimbo nane, walikuta wanunuzi wanalipa kama dola 15,000 zaidi kwa nyumba yenye sola ya wastani. Hapo hata wabishi wakanyamaza.

Lakini ujanja haukufa, ulibadilisha nguo. Paneli nyingi zilifungwa kwa mkataba wa kukodi wa miaka 20. Mwenye nyumba akitaka kuuza, mara nyingi mnunuzi anatakiwa kurithi mkataba, na kampuni ya sola imkubali. Tangazo linasema "nyumba ina sola." Halisemi sola ni ya nani. Mikataba mingapi imevunjikia mezani kwa sababu ya sentensi hiyo moja, madalali wenyewe wanajua.

SIKU MABOMBA YALIPOFUNGWA

Sasa rudi kwenye ile tano.

Kaskazini mashariki mwa Scottsdale, nje ya mipaka ya jiji, kuna sehemu inaitwa Rio Verde Foothills. Nzuri sana: milima, farasi, nyota usiku, bei nafuu kuliko mjini. Nyumba zilipanda moja moja, mbilimbili, kwenye ardhi iliyokatwa vipande vitano, kisha kila kipande kikiuzwa kikakatwa tena. Kila mmoja alikuwa ndani ya sheria kwenye karatasi. Ukijumlisha, ni mtaa wa nyumba zaidi ya elfu mbili ambao haukuwahi kuthibitisha maji ya miaka 100.

Wengi walikuwa na visima. Nyumba mia kadhaa hazikuwa navyo, au vilikauka. Hizo zilitegemea maboza yanayojaza maji kwenye kituo cha jiji la Scottsdale na kuja kumwaga kwenye tangi la chini ya ardhi. Unafungua bomba, maji yanatoka. Unasahau.

Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza rasmi uhaba kwenye mto Colorado, kwa mara ya kwanza. Scottsdale ikawaambia watu wa maboza wajiandae. Na tarehe 1 Januari 2023, miaka 63 kamili tangu ile foleni ya Sun City, ikafunga.

Familia zenye nyumba za mamilioni zikaanza kulia chakula kwenye sahani za karatasi ili zisioshwe. Wengine wakakinga mvua ya kumwagia vyooni. Maboza yakawa yanakwenda mbali kutafuta maji na bei ikapanda. Watu wakaishitaki Scottsdale. Jiji likajibu kwamba wao si wakazi wake. Mpaka Juni 2023 ndipo jimbo likapitisha sheria ya kuwapa maji kwa muda, huku kampuni ya maji ikitafuta suluhisho la kudumu.

Kinachouma ni kwamba nyumba ya pale ingeweza kuwa na sola juu ya paa, vioo viwili kwenye kila dirisha, na bado siku ile ikakauka. Ukijani wote ulikuwa juu ya ardhi. Na "maji yanaletwa na lori" siyo jibu la swali la maneno matatu. Jibu ni lori linajaza wapi, na nani ana mamlaka ya kufunga.

JUA HALINA MAKOMBO

Mwezi huohuo wa Juni 2023 jimbo likatoa hesabu mpya: kwa miaka 100 ijayo, eneo la Phoenix litapungukiwa asilimia 4 ya maji ya chini yanayohitajika. Miradi mipya inayotegemea maji hayo pekee ikasimamishwa vibali. Kuanzia mwisho wa Juni zikaja siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 na zaidi. Mwaka huo kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi hawakuwa na makazi. Na kati ya waliofia ndani, wengi walikuwa na AC ambayo haifanyi kazi.

Isome tena hiyo. AC ipo, imekufa, na nyumba haina kinga nyingine. Ukuta mwembamba, paa jeusi, kioo cha magharibi. Nyumba endelevu jangwani siyo fasheni ya watu wenye hela. Ni nyumba ambayo umeme ukikatika saa nane mchana, bibi aliyemo ndani anafika jioni akiwa hai.

Hili halihusu wazungu wa gofu peke yao. Phoenix na Tucson zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wengi ni wapangaji. Mpangaji haulizwi ukuta uwe na unene gani, anapewa funguo na bili.

Miaka 60 na ushee imepita na biashara imezunguka mduara. Walianza kwa kuuza jua bila kutaja maji. Wakauza daraja, wakauza picha, wakauza sola. Waliodumu kwa heshima ni wale waliomwambia mteja kabla hajauliza: hiki hapa kisima, kina urefu huu; hizi hapa bili za mwaka mzima; hii paneli ni ya kukodi; hilo boza linajaza pale, na linaweza kukatazwa. Wateja wengine wamewakimbia kwa ukweli huo. Wengine wamerudi na ndugu zao.

Haya mdau, uwanja ni wako. Dalali akikuonesha nyumba, swali lako la kwanza huwa ni bei, ni jiko, au ni maji? Dondosha komenti hapo chini, na kama umewahi kuuziwa "maji yapo" halafu hayapo, usimtaje mtu jina. Simulia tu.